Zamu ya Sista Taratibu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha mafaili yako ofisini ukaja kukalia viti vyetu vinavyoyumba, Mama Mkuu wa shirika, pamoja na masista wote, Baba Paroko, Bibi Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi wetu, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi mliobanana madirishani kwa kuwa viti vimewaishia, na wewe, kitanda cha chuma, uliyebebwa kutoka darasani asubuhi hii ukawekwa pale pembeni, umetandikwa ukapendeza kama bwana harusi: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake. Kitanda nimekitaja mwisho, lakini wakubwa mnisamehe, katika shule hii kina cheo kunishinda mimi.

Sista, najua hupendi kusifiwa. Juzi uliniambia jikoni, "Bwana Haraka, ukinisifu sana nitajifanya sisikii." Haya, jifanye. Masikio yako tunayajua; ni yale yale yaliyomsikia mtu akitafuna karanga dawati la mwisho huku wewe ukiandika ubaoni, umetupa mgongo.

Ndugu zangu, kwa wale wasiomfahamu, huyu tunayemuaga leo sisi tunamwita Sista Taratibu. Alikuja hapa akiwa msichana, na sanduku moja na miwani iliyofungwa kwa uzi, akapewa kufundisha hesabu. Na hesabu angefundisha mpaka leo, kama si binti mmoja hodari wa darasa lake aliyeanza kuchelewa, kisha akawa haonekani kabisa. Walimu wengine walitaka wazazi wake waitwe. Sista akasema, "Kwa nini tuwaite, na miguu ninayo?" Akaenda.

Alikuta nini? Alimkuta yule binti amevaa sare ya shule, tayari kutoka, lakini anahangaika peke yake kumgeuza mama yake aliyepooza, anavuta shuka kama anayevuta gunia la mkaa. Sista hakuuliza habari za shule. Alivua saa, akanawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo kazi yake yote ilipoanzia. Hakumuuliza mtoto. Alimuuliza mama: "Dada yangu, ungependa ulale ukiangalia wapi, ukutani au mlangoni?" Yule mama akalia. Tangu augue, majirani walikuwa wanamuuliza binti yake, "Mgonjwa anaendeleaje?", naye yupo pale pale, anasikia. Alipotulia akasema, "Mlangoni. Nimwone mwanangu akirudi shule."

Binti yule leo ni Bibi Mkuu wa Shule hii. Ndiyo, Bibi Mkuu, nimekutaja, utanikemea kesho.

Baada ya siku ile Sista aliomba kitanda chakavu kutoka hospitali iliyokuwa ikitupa vya zamani, akakiweka nyuma ya darasa, na kila Ijumaa mchana tukawa na somo ambalo halimo kwenye mtaala wowote. Tulijifunza kumwosha mtu bila kumvua heshima. Tulijifunza kujaribu uji kwenye kifundo cha mkono. Tulijifunza kwamba humlishi mtu umesimama. Kwanza unaketi, macho yenu yalingane, ndipo unashika kijiko. Lakini kabla hujaruhusiwa kumgusa mgonjwa, ulipaswa kuwa mgonjwa mwenyewe. Hiyo tuliita zamu. Ukiwa kwenye zamu unalala pale, huna mikono, huna miguu, na hakuna atakayekugusa mpaka useme neno moja: nisaidie.

Neno dogo, sivyo? Ngojeni niwaambie.

Zamu yangu ilipofika nilipanda kitandani kwa mbwembwe zote. Nilikuwa nahodha wa mpira, wasichana wote wanatazama. Niombe msaada mimi? Nikajiapiza kwamba kipindi kitaisha kimya kimya, nishuke shujaa. Basi, shetani si rafiki yako: pua ikaniwasha. Nikakunja uso. Nikapuliza hewa juu kwa mdomo wa chini, hivi. Nikaihamisha pua kushoto, nikaihamisha kulia, darasa zima limenitolea macho. Sista ameketi kando, anasahihisha madaftari, wala hanyanyui kichwa. Mwenzangu wa dawati, ambaye leo ni hakimu na ameketi safu ya pili pale, nisimtaje, akasema, "Sista, huyu anateseka!" Sista akajibu, "Namwona. Tuna muda."

Jasho likanitoka. Machozi yakanitoka. Mwisho nikasema, kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia, "Sista, nisaidie." Akafunga daftari. Akauliza, "Wapi?" Nikasema, "Pua." Darasa likavunjika mbavu. Yeye hakucheka hata kidogo. Alinikuna pale pale palipokuwa panawasha, taratibu, akaniuliza, "Inatosha?" Kisha akawageukia wenzangu akasema maneno ambayo mimi sasa, niliyerithi somo lake, nayarudia kila mwaka: "Kusaidia ni kazi nyepesi. Kazi nzito ameifanya huyu aliyelala."

Wakati ule niliyaona ni maneno ya kutufariji sisi wenye aibu. Nikaja kuyaelewa nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa malori, mtu wa sauti nene, mtu asiyepokelewa hata mfuko. Kiharusi kilipomwangusha upande mmoja, aligoma kula. Mama akabembeleza, shangazi wakasali, wajomba wakafoka. Mimi niliingia chumbani na bakuli, nikataka kuanza, nikakumbuka. Nikavuta kigoda, nikaketi, macho yetu yakalingana. Nikasema, "Baba, tuna muda." Uji ukapoa. Nikaenda kuupasha, nikarudi, nikaketi tena. Ndipo baba yangu, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, akasema, "Nisaidie, mwanangu." Jamani, sijawahi kupewa zawadi nyingine inayofanana na ile. Tuliongea kwenye kigoda kile zaidi kuliko tulivyowahi kuongea maisha yetu yote, na alipoondoka hatukuwa tunadaiana neno.

Sasa, Sista, umenisikia nikikusifu na umejifanya husikii. Nimefika mahali ambapo utasikia.

Ndugu wageni, mwezi uliopita mwalimu wetu huyu alianguka kwenye korido, nje ya darasa lake. Nyonga ilipata ufa. Alikaa pale sakafuni, kuta mbili kutoka ofisi ya walimu, na hakuita mtu. Tulimkuta kwa bahati, akadai anatafuta chaki! Daktari amesema waziwazi: atumie kiti cha magurudumu, na ashikwe kwenye ngazi na bafuni, kwa sababu akianguka mara ya pili hatainuka tena. Mwenyewe akamjibu daktari kwamba amekuja shule hii kwa miguu yake na atatoka kwa miguu yake. Na sista anayesimamia nyumba ya masista wazee, anakohamia Sista wetu leo, amenidokeza kwamba alipokwenda kuangalia chumba chake, aliishia kuwafulia wenzake mashuka.

Mganga hajigangi, wahenga walishasema. Lakini Sista, wewe hukutufundisha uganga, umetufundisha zamu. Kila mtoto aliyepita hapa amelala kwenye kitanda kile. Hakimu amelala. Bibi Mkuu amelala. Baba Paroko mwenyewe amelala, tena alikoroma. Wewe tu ndiye hujawahi. Tunasema kutoa ni moyo, na wewe moyo huo umetuonyesha. Nani atatuonyesha moyo wa kupokea, kama si wewe? Sisemi haya kwa utani tena. Naogopa. Naogopa siku nitakayopigiwa simu kwamba umekutwa kwenye sakafu ya bafu, unatafuta chaki.

Gari liko nje. Kati yako na gari kuna ngazi za ukumbi huu, na kando ya kitanda kuna kiti chenye magurudumu ambacho wanafunzi wako wa zamani wamekununulia na kukipaka rangi ya buluu unayoipenda. Sitakusukuma ukikataa. Sitakushika mkono bila ruhusa yako. Umenifundisha vizuri mno. Nitafanya ulichofanya wewe siku ile ya pua yangu. Nashuka jukwaani na kipaza sauti changu, navuta kigoda, naketi mbele yako, macho yetu yalingane.

Sista, tuna muda.

Wanafunzi madirishani, kimya tafadhali.

Anavua miwani. Tuliosoma kwake tunajua, akivua miwani kuna mtu atakiona cha mtema kuni. Anaifuta. Anaivaa tena. Ananitazama mimi, anakitazama kitanda. Fimbo anayotembelea tangu aanguke ameilaza sakafuni.

Amesema. Mliokaa nyuma hamkusikia, nami sishangai, maana hata paka asingesikia, basi niwafikishie. Amesema, "Nisaidie." Nimemuuliza, wapi, Sista? Naye amenijibu, "Hapo kwenye ngazi. Na huko mbele pia, nitawaambia wenzangu. Ila taratibu, Bwana Haraka."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hotuba hii ilikuwa na kurasa nyingine, nazo naziacha hapa kwenye kiti, kwa sababu nimepata kazi. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa naombeni mtupishe njia.