Historia ya Hesbon Mukhisa, Aliyekuwa Mgongo wa Meja Tandala

Mama yetu Nasambu, wazee wa ukoo, mchungaji na kanisa lote, wageni mliotoka Kitale, Endebess, Ndalu na kwingineko, poleni sana na karibuni nyumbani. Mimi ni Derrick Khaemba, ndugu anayemfuata marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya maisha yake. Kabla sijaanza nina ombi moja, nalo naliomba kwa heshima, kwamba vijana walionielekezea simu waziteremshe, kwa sababu asubuhi nikiingia langoni nilisikia nikiitwa Meja, na hapa hakuna Meja, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 22 Februari 2025 ni Hesbon. Simu ile moja iliyofungwa kwenye nguzo ya hema iachwe hapo ilipo, nitaeleza baadaye ni ya nani.

Marehemu Hesbon Mukhisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1977 hapa Kabuchai, katika nyumba ya nyasi iliyokuwa pale penye mparachichi, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Khaemba na Mama Nasambu, katika familia ya watoto wanne, ambao wawili Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, tukabaki yeye na mimi, na miaka saba katikati yetu. Alianza darasa la kwanza mwaka 1984, mwaka niliozaliwa, na mama husema kwamba alikuwa akitoka shuleni ananibeba mgongoni hadi kisimani na kurudi, hivyo mgongo wake niliujua kabla sijaujua uso wake.

Mwezi wa Agosti 1990 alitahiriwa pamoja na rika lake, akasimama uwanjani akiwa amepakwa tope la mtoni, watu wote wakimkodolea macho usoni kuona kama atapepesa, wajomba wakiwa karibu kabisa, na hakupepesa. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa mabegani mwa baba, nikamwona vizuri. Naomba muikumbuke siku hiyo, kwa maana tangu hapo sidhani uso wa Hesbon uliwahi tena kutazamwa na watu wengi kwa pamoja. Alimaliza darasa la nane mwaka 1991 na kidato cha nne mwaka 1995, akapata alama ambazo hazikuwa mbaya wala hazikumpeleka popote, akabaki hapa akikata miwa na baba kwa miaka mitatu.

Mwaka 1999 alihamia Kitale, akajifunza kutengeneza pikipiki, na ni pikipiki iliyomfikisha kwenye kazi ambayo wengi wenu mnaijua bila kujua kwamba ni yake. Mwezi wa Juni 2003 Bwana Mbugua, ambaye yuko nasi hapa, na ambaye wakati huo alikuwa mpiga picha wa harusi pale mjini, alianza kutengeneza filamu aliyoiita Mtu wa Mpakani, habari za jasusi anayeishi karibu na mpaka wa Suam akijifanya mkulima wa mahindi, jina lake Meja Tandala. Meja alichezwa na Bwana Gathii, mtu mrefu mwenye sura ya kupendeza, lakini Bwana Gathii hakujua kuendesha pikipiki, wala hakupenda vumbi, na Hesbon alikuwa ameleta pikipiki ya kukodisha na bado anaisubiri, basi akavishwa lile koti refu la kahawia la Meja, akaambiwa aendeshe akiipa kamera mgongo.

Aliipa kamera mgongo badala ya Bwana Gathii kwa miaka kumi na tisa na filamu kumi na nne. Yeye ndiye aliyeanguka kutoka kwenye trekta, yeye ndiye aliyevuka mto akiwa amefungwa mikono, na kila filamu ilipoisha, Meja anapoondoka peke yake katikati ya mabua ya mahindi bila kuaga mtu, huyo anayetembea ni Hesbon, kwa sababu Bwana Gathii, na atanisamehe kokote aliko, alitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Watu walianza kuiga ule mwendo, polepole, bega moja limeshuka kidogo, ukaonekana Kitale nzima mpaka kwa makanga wa matatu. Siku moja tulikuwa tumekaa yeye na mimi nyuma kabisa katika ukumbi wa video, filamu ikaisha, mtu aliye mbele yetu akamwambia mwenzake, "Mwendo ya Gathii ni moto, bana," naye Hesbon akainama akasema, "Kweli, ni moto," kisha tukatoka.

Jina lake lilianza kuandikwa mwishoni mwa filamu kuanzia ile ya sita, chini ya jina la mpishi. Nilimuuliza kama halimuumi hilo, akasema mpishi anafanya kazi kubwa.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Pauline Jerono, muuguzi, katika kanisa la kwao kule Endebess, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Viola, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2011. Mwaka 2017 shemeji yetu alipata kazi ng'ambo, na mwaka 2021 Viola akamfuata kwa ajili ya masomo, ikawa Hesbon anaishi peke yake katika chumba kimoja mtaani, na mpango ulikuwa kwamba naye atafuata, karatasi zikawa zinasukumwa mwaka hadi mwaka. Hawakukosana, nataka hilo lieleweke, waliongea kila Jumapili baada ya ibada. Viola ameniambia juzi kwamba baba yake alikuwa akipiga simu ya video na kuielekeza dirishani, awaonyeshe mvua au mboga zake kwenye debe, na kila mara ilibidi amwambie baba, jionyeshe. Hawakuweza kusafiri, na simu ile kwenye nguzo ni yao, wako nasi. Ndugu yangu alikuwa mpweke. Wanaosoma historia za marehemu hawasemi hivyo, husema alikuwa mcheshi aliyependa watu, lakini mimi nilikuwa nikienda kwake nakuta kikombe kimoja tu juu ya meza, na kingine kimefunikwa kabatini, kikavu.

Sasa nafika mwaka 2022, na mama alinishauri niupite haraka. Mwanzoni mwa mwaka huo Bwana Gathii aliacha filamu ili agombee kiti cha wadi, na kampuni ikatangaza kwamba inatafuta Meja mpya. Mnakumbuka uchaguzi mkuu ulikuwa karibu, lakini pale Ndalu siku ya soko watu walibishania Meja kuliko walivyobishania wagombea, wengine wakitaka kijana, wengine wakitaka mtu mzima, kila jamii ikidai kwamba Meja ni wake, na kina mama wakauliza kwa nini Meja asiwe mwanamke, swali ambalo hadi leo halijajibiwa. Usaili ulipangwa Jumamosi tarehe 16 Julai katika ukumbi mmoja mjini Kitale. Asubuhi hiyo Hesbon alinipigia akisema anakwenda Ndalu kuangalia mashine ya kupukuchua mahindi, nami, niliyekuwa nauza vipuri na kuigiza michezo ya kanisa, nikamwambia naenda Endebess kuona mteja. Saa nne tulikutana kwenye mlango wa ukumbi, tumevaa mashati ya pasi, tukatazamana, tukacheka sana, na sikumbuki kama tuliwahi kucheka vile tena.

Walikuja watu mia mbili na zaidi. Kila mmoja aliingia, akaketi, akanywa chai kama mtu anayeshuku kwamba imetiwa sumu, kisha akasema yale maneno ya Meja ambayo hata watoto wanayajua, "Mimi ni mkulima tu." Zamu ya Hesbon ilipofika aliingia na ule mwendo, akafika mbele ya kamera, akasimama akiwa ameipa mgongo. Bwana Mbugua akasema kwa upole, "Hesbon, geuka tukuone." Akageuka, akaomba radhi, akaambiwa aanze tena, akaingia, na alipofika pale akageuza mgongo tena, na mara ya tatu vilevile, watu wakaanza kucheka, nami nikacheka nao. Mara ya nne aliketi kwa kushika kiti kwa mikono miwili, akanywa ile chai, akasema yale maneno. Alisema kama mkulima kweli, ambaye mvua imekataa, na hakuna aliyecheka.

Kamati ya usaili ikabaki na majina mawili, yeye na mimi, ikashindwa kuelewana. Ijumaa tarehe 5 Agosti Bwana Mbugua alituita kwenye hoteli moja, akatuagizia chai na mahamri, akasema sisi ni ndugu wa tumbo moja, tukubaliane wenyewe, yeye atafuata tutakalosema. Alidhani anatuheshimu. Wageni wetu waliotoka mbali naomba niwaeleze jambo moja la hapa kwetu, kwamba mtu mzima akikaribishwa chakula husema ameshiba, hata kama hajala tangu jana, na mwenye kukaribisha humshika mkono, akamketisha, akamwekea sahani. Asipofanya hivyo, mgeni hulala njaa, na aibu ni ya mwenye nyumba. Hesbon aliweka kikombe chini, akasema, "Mpe Derrick. Mimi nimezoea mgongo." Kisha akanitazama.

Nilijua. Sijawahi kumwambia mtu hili, wala yeye sikumwambia, lakini nilijua kwamba ameshiba kwa adabu, na kwamba kazi yangu kama mdogo wake ilikuwa kumshika mkono na kusema hapana, wewe ndiye mkubwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nimechoka kuuza vipuri, na uso huu nilikuwa naupenda. Nikatazama chai yangu, nikasema asante. Bwana Mbugua akashusha pumzi, akaita mhudumu aongeze mahamri, na Hesbon akala hamri moja yote, polepole, akanipongeza.

Tulitengeneza filamu mbili, mimi nikiwa Meja. Hesbon ndiye aliyenifundisha kushika bastola ya mbao, yeye ndiye aliyeanguka badala yangu akiwa na miaka arobaini na sita, na mwendo ule nilijaribu nikashindwa, kwa hiyo yeye ndiye anayeondoka mwishoni mwa filamu zangu pia. Mara yake ya mwisho ilikuwa tarehe 25 Novemba 2023, katika shamba lililokwisha kuvunwa kule Endebess. Bwana Mbugua alimwambia simama, imetosha, naye hakusikia kwa ajili ya upepo, akaendelea kutembea mpaka tukamtuma mtu wa pikipiki amrudishe.

Mwezi wa Machi 2024 alianza kulalamika kwamba chakula kinamkwama, akadhani ni vidonda vya tumbo, na tarehe 18 Aprili madaktari wakatuambia ni saratani ya umio. Alipata matibabu Kitale na Eldoret, mama akahamia kwake ampikie uji, nami nilikwenda nilipopata nafasi, yaani si mara nyingi. Mara kadhaa nilifika kwake maneno ya kukiri yakiwa mdomoni mwangu, nikayameza, nikamwambia habari za kampuni. Tarehe 11 Februari mwaka huu, saa kumi alasiri, mama akiwa ametoka kununua maziwa, Hesbon alituacha akiwa peke yake katika wodi alikolazwa. Muuguzi aliniambia, kama mtu anayeona haya, kwamba walimkuta amelala ameelekea ukutani, nikamwambia asijali, ndivyo alivyozoea.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kitale waliomwosha na kumbadilisha nguo wakati sisi wa damu tulikuwa na shughuli, mafundi wenzake wa pikipiki waliousindikiza mwili tangu jana, kanisa, na kampuni ya filamu iliyoleta hema na viti. Bwana Mbugua, juzi uliniuliza ni nani sasa atakuwa mgongo, nami nakujibu mbele ya hawa kwamba utafute vyote viwili, mgongo na uso, kwa sababu mimi koti lile nimemrudishia mwenyewe, ndilo alilovaa.

Mchungaji akimaliza, jeneza litafunguliwa, tutapanga foleni kuanzia upande wa mparachichi kama desturi yetu, wajomba wakitangulia. Naombeni msipite haraka haraka. Simameni mumtazame usoni kama mlivyomtazama mwaka ule wa 1990, na aliye karibu na ile simu ya kwenye nguzo aishushe ailete karibu, ili Viola asilazimike kumwomba baba yake ajionyeshe.

Kaka, kwenye ile chai nilipaswa kukushika mkono. Nakushika leo, mbele ya mama, na nasema hapana, wewe ndiye mkubwa, keti wewe. Pumzika kwa amani, Hesbon Mukhisa. Watu watapanga foleni, wamekuja kukuona wewe.