Bi Hatua na Kamba ya Zamu

Leo ni Jumapili, tarehe ishirini na mbili Februari. Asubuhi hii kumekucha na ukungu. Manyunyu yamekatika saa moja, na sasa jua linachungulia kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka mwanamke aliyetutoka Jumatano ya wiki iliyopita. Wengi hawakumjua kwa jina la kitambulisho. Walimwita Bi Hatua. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita alifanya usafi katika zahanati iliyo chini ya mlima. Mwaka wake wa mwisho aliutumia akiwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa mtaa wa juu.

Na katika mwaka huo alikuwa na jambo moja la kusema kabla moyo wake haujasimama. Jambo zito. Mwanamke mwenzake alikuwa amepakwa doa, na mwenye kuliondoa alikuwa Bi Hatua peke yake. Tumwombe Mungu atupe utulivu wa kulisikiliza.

Mtaa wa juu hauna barabara. Una ngazi. Ngazi mia mbili na kumi na nne, kutoka nyumba ya mwisho hadi lango la zahanati. Mama mwenye uchungu hushuka kwa miguu yake. Ndiyo maana Januari ya mwaka jana wanawake ishirini na mmoja waliunda kikundi. Kazi yao kubwa ilikuwa moja: mjamzito asishuke ngazi zile peke yake.

Bi Hatua ndiye aliyewafundisha kushuka. Unamshika mama mkono wa kulia. Unahesabu hatua kwa sauti, naye anahesabu nawe, ili akili yake isikae kwenye maumivu. Hapo ndipo alipopata jina lake.

Machi walipaka kingo za ngazi rangi nyeupe. Mei walijifunza kwa muuguzi jinsi ya kutambua dalili za hatari. Waliomba kabla ya kila kazi, na walicheka baada ya kila kazi. Dada yake Bi Hatua, muuza vitambaa, anasema, "Dada yangu alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Lakini mkono wake ukiushika, hutaki kuuachia."

Zamu zilipangwa kwa kamba. Katika chumba cha kikundi, kilichokuwa zamani stoo ya saruji, kamba ilifungwa ukutani kutoka mlangoni hadi dirishani. Juu yake vibanio saba vya nguo, kila kimoja na rangi ya mwenyewe. Kuanzia mlangoni, cha kwanza Jumatatu, cha pili Jumanne, hivyo hivyo hadi cha saba, Jumapili. Vilipangwa kila Jumapili jioni. Asiyejua kusoma alijua rangi yake. Hakuna aliyehitaji kalamu.

Na kulikuwa na kanuni moja ya Bi Hatua mwenyewe. Hakuna anayemsindikiza mtu wake. Si binti, si dada, si mkwe. Kanuni hii ilikuwa na kaburi nyuma yake. Miaka kumi na miwili iliyopita, binti yake wa kwanza alishikwa na uchungu saa saba mchana. Bi Hatua alimwonea huruma. Akamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu, jua lipoe." Jua likapoa. Binti hakupona.

Alikuwa akiwaambia wenzake, "Ukiona uchungu wa mtu wako, akili inaanza kukudanganya kwa sauti ya huruma."

Sasa tufike Julai. Jumanne ya pili ya Julai, mama mmoja alikuja kwenye chumba cha kikundi akiwa na uchungu. Hakumkuta mtu. Akashuka peke yake. Alijifungulia kwenye ngazi, karibu na lango. Mungu aliwahurumia wote wawili, lakini mama yule alilazwa siku kumi na nane.

Wanawake walipanda mbio kutazama kamba. Kibanio cha pili, Jumanne, kilikuwa cha kijani. Cha kijani ni cha nani? Cha msusi wa mtaa, mmoja wa wanakikundi.

Kesho yake kikao kikaitwa. Kikao chenyewe kilikuwa moto. Vibanio vyote vikashushwa na kupangwa upya, na cha msusi kikatupwa kwenye ndoo. Msusi alifika amechelewa, mikono imejaa mafuta ya nywele. Alifungua mdomo mara mbili. Mara mbili Bi Hatua alimkata.

"Mtu mzima haisingizii kamba," alimwambia mbele ya wote. "Toka, mwanangu. Utatuulia watu."

Msusi akatoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Tangu siku ile wanawake wa kikundi waliacha kusuka kwake. Wakipita mlangoni pake walitazama upande wa pili. Watoto walimwita Mzembe. Hivyo Julai, Agosti, Septemba, Oktoba.

Wasikilizaji wapendwa, ikafika Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Siku hiyo kikundi kizima kilikwenda kupanda miti kwenye shule iliyo ng'ambo ya mto. Bi Hatua alibaki kwenye zamu. Daktari alikuwa amekwisha kumwonya kuhusu moyo wake. Akajisemea, zamu ya kukaa kitini haimuui mtu.

Saa sita na robo mlango ukagongwa. Alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe pekee aliyebaki, dereva wa lori aliyekuwa safarini. Mimba ilikuwa imebakiza mwezi mmoja kutimia. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Mama, kuna damu."

Bi Hatua alipiga simu. Zililia. Hakuna aliyepokea, mikono yote ilikuwa udongoni. Mkwe alimtazama, naye alimtazama mkwe. Mkwe mwenyewe anatusimulia: "Nilimwona midomo inatetemeka. Nikajua anataka kusema nisubiri. Akaiuma. Akaniambia, twende, lakini si mimi nitakayekushika."

Kati ya chumba cha kikundi na ngazi kulikuwa na mlango mmoja tu uliokuwa wazi mchana ule. Mlango wa msusi.

Msusi alikuwa na mteja kitini, mpishi wa shule, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama nyasi. Hakuinua macho.

"Karibu, mwenyekiti. Umekuja kusuka au kufukuza?"

"Nimekuja kukuomba."

"Mimi? Mzembe?"

"Mkwe wangu anavuja damu. Niko peke yangu. Kanuni unaijua."

Msusi akaweka kitana chini. Akamtazama mkwe aliyeegemea ukuta nje, akaona nguo yake. Hakuuliza lingine.

"Na kichwa changu?" mpishi akalia.

"Nusu imeshapendeza," msusi akamjibu. "Nusu nyingine funga kitambaa. Simama, wewe utabeba begi."

Wakaanza kushuka. Msusi upande wa kulia, anahesabu. Mpishi nyuma na begi. Bi Hatua hatua kumi nyuma yao wote, mkono kifuani.

Hatua ya arobaini, mkwe alikuwa anahesabu. Hatua ya themanini, sauti ilianza kukatika. Hatua ya mia na ishirini alikaa chini.

"Niacheni nipumzike. Kidogo tu. Nawaombeni."

Uso wake ulikuwa wa majivu. Bi Hatua alimwona mkwe, akamwona binti yake, akawaona wote wawili katika uso mmoja. Akafungua mdomo. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno.

Msusi aligeuka. "Mama, funga mdomo!"

Akaufunga.

"Wewe, dada, mia na ishirini na moja. Sema! Utanichukia kesho. Leo sema!"

"Mia... na ishirini na moja."

Walifika langoni. Muuguzi aliwaona, akasukuma kitanda mbio, na mlango ukafungwa. Wanawake watatu wakabaki kwenye benchi la mbao. Bi Hatua alipiga magoti pale pale kwenye saruji aliyoideki kwa miaka ishirini na sita. Hakuomba kwa maneno mengi. Msusi anasema alisikia neno moja tu likirudiwa: "Baba. Baba. Baba."

Baada ya muda mrefu muuguzi alitoka. "Mtoto wa kike. Mdogo, lakini anapiga kelele kama mwenye nyumba. Mama yake ameongezewa damu. Mngechelewa robo saa, ningekuwa nasema mengine."

Mpishi akaruka na kichwa chake cha nusu nusu. Msusi alilia kimya. Kisha, bila kuulizwa, akasema jambo aliloshindwa kulisema Julai.

"Mwenyekiti, mimi sikukimbia zamu. Kibanio changu nilikiona Jumapili jioni kwa macho yangu mawili. Kilikuwa cha sita. Jumamosi."

"Tulikikuta cha pili."

"Basi kilitembea chenyewe."

Wakati ule ule Bi Hatua alikumbuka. Jumatatu ile ya Julai, yeye mwenyewe alipaka chokaa ukuta wa chumba. Alifungua kamba pamoja na vibanio vyake, akaitundika begani, akapaka, kisha akaifunga tena. Ncha iliyokuwa mlangoni aliifunga dirishani. Kamba iligeuka. Cha pili kikawa cha sita, na cha sita kikawa cha pili.

Na kilichokuwa cha pili, Jumanne ya kweli, kilikuwa chake yeye. Baada ya chokaa alikitazama kibanio chake, akakiona mahali pa Jumamosi, akadhani alikuwa amesahau siku yake, akacheka uzee wake, akaenda kulala. Msusi hakukosa zamu. Aliyekosa zamu ni Bi Hatua.

Alikuwa amekaa karibu na msusi kiasi cha kugusana mabega. Akanyamaza.

Tusimhukumu haraka, wasikilizaji wapendwa. Nani hajawahi kukaa kwenye benchi lile?

Alimwambia mkwe wake peke yake, siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Mkwe alimshika mikono. "Mama, nyamaza. Yameshapita. Zahanati inawasikiliza wanawake wa kikundi kwa sababu yako. Ukisema, kikundi kitavunjika."

"Na yeye?"

"Yeye ameshazoea."

Mkwe anatuambia hivi leo: "Naona aibu kwa neno lile. Mama alinitazama kama mtu aliyechomwa na mwiba. Akasema, mtu hazoei, anachoka tu kulia."

Hata hivyo wiki ilipita. Na nyingine. Kila akienda kwa msusi, aligeukia njiani. Moyo ulimbana mara mbili, na mara zote mbili, anasema dada yake, alishika ukuta na kunong'ona, "Bado, Bwana. Sijasema."

Mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa Jumamosi, tarehe ishirini Desemba. Bi Hatua alimwalika msusi kwa mdomo wake. Msusi alikuja, lakini hakuingia. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Katibu alisoma kazi za mwaka. Akina mama hamsini na tatu walisindikizwa. Miti tisini ilipandwa. Makofi yakapigwa. Ndipo Bi Hatua akasimama. Hakuweza kusimama vizuri, akajishikilia kwenye meza.

"Jumanne ile ya Julai ilikuwa zamu yangu," alisema. "Niligeuza kamba nilipopaka chokaa. Nikamfukuza mtu kwa kosa langu. Na sikumpa nafasi ya kusema. Ningempa, angesema ukweli."

Rafiki yake, fundi cherehani, akamvuta nguo. "Kaa, mwenzangu. Unaumwa. Yameisha hayo."

"Kwako yameisha. Kwake hayajaisha."

Wote wakageuka kutazama mlangoni. Msusi alikuwa hajasogea.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ile ya benchi."

"Siku ishirini na tatu."

"Ndiyo."

"Nimekubebea mkwe wako, ukaninyamazia siku ishirini na tatu."

"Ndiyo, mwanangu."

Msusi akafuta macho kwa kiganja. "Nimekusikia. Kusamehe nitakusamehe, lakini taratibu. Ni kama kusuka nywele fupi. Ukiharakisha, zinafumuka."

Kuna aliyecheka, halafu wote wakacheka, halafu wengi wakalia. Bi Hatua aliachia uenyekiti hapo hapo. Wanawake walipiga kura, na mwezi Januari msusi akakubali kukalia kiti kile, baada ya kukataa mara tatu.

Je, alisamehe? Siku nne kabla ya kifo, msusi aliingia chumbani kwa mgonjwa na kitana mkononi. Alimsuka mistari sita, polepole, mchana kutwa. Mkwe alikuwepo na mtoto mgongoni. Anasema hawakuzungumza habari ya kamba hata kidogo. Walimteta mpishi wa shule.

Kwa mwanawe, dereva, aliyefika alfajiri ya mazishi na vumbi la safari kwenye nguo. Kwa mkwe na kwa yule binti mdogo. Kwa dada yake na kwa wanawake wa mtaa wa juu, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu aliyempa ujasiri wa kusema awape ninyi nguvu ya kubaki.

Nasi tulio nyumbani, tujiulize kwa unyenyekevu. Yuko nani tuliyemkata kauli? Tunasubiri nini kwenda kwake? Moyo haumpigii mtu hodi.

Siku ya mazishi, baada ya sala, msusi aliomba kusema. Kinasa sauti chetu kilikuwepo. Walikuwepo ndugu, majirani, muuguzi wa zahanati na wanawake wote ishirini wa kikundi. Sauti yake haikutetemeka.

"Mama, mbele ya watu hawa na mbele ya Mungu, naahidi. Maadamu niko kwenye kiti ulichoniachia, hakuna mwanamke atakayetolewa katika kikundi hiki kabla hajasema neno lake mpaka mwisho. Hata akichelewa. Hata tukiwa na hasira. Nitakaa, nitamsikiliza. Ninyi wote mmesikia. Siku nikivunja, mnitoe mimi."