Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuosha Rimu: Mama Eliya Anatuaga

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi Mariana Mageni, ambaye humu ndani hakuna anayemwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Eliya, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Mwendo Salama, Kahama, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, siku maji yalipofunga njia ya kwake. Hata siku hiyo alifika ameshika viatu mkononi, na akawakuta wanaoishi mtaa wa pili kutoka getini bado hawajafika. Waliohusika wanajijua, na wawili kati yao leo wamekaa meza ya mbele.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Abel Maduhu, msimamizi wa karakana. Mkurugenzi wetu, Dada Mehjabin, aliniagiza nisijitie sana ndani, maana siku ni ya Mama Eliya. Nimejitahidi. Lakini kipo kisa kimoja cha mwaka 2011, cha dereva aliyebakiza siku mbili apoteze kazi kwa sababu ya karakana hii, na hicho siwezi kukisimulia bila kujitia. Nitakifikia. Kwanza tuanze na chai.

Naam, chai. Mama Eliya aliajiriwa Machi 1994 kupika chai na uji wa mafundi, na wazee wetu wanaapa kwamba chai ile haijapata mrithi mpaka leo. Mwaka wa pili ikaletwa pikapu ya mnunuzi wa tumbaku kutoka Ushetu. Ilikuwa imetoka kufungwa matairi mapya manne, na tangu hapo ikishika kasi inatetemeka. Mafundi walifungua usukani wakaufunga, wakaufungua tena, siku mbili nzima. Siku ya tatu walipoipeleka barabarani kuijaribu, Mama Eliya aliomba lifti mpaka Segese akanunue mkaa, akakaa kiti cha nyuma na magunia yake.

Waliporudi alimwendea Mzee Liaquat, mwanzilishi wa karakana, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamwambia mafundi waache usukani wa watu, kwa sababu usukani umetulia kabisa. Kinachotetemeka, alisema, ni makalio yake, na makalio yake yalikuwa juu ya magurudumu ya nyuma. Mzee Liaquat alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akaagiza magurudumu ya nyuma yafunguliwe. Moja lilikuwa limekazwa nati upande mmoja, likakaa mshazari. Wiki iliyofuata mpishi wetu alikabidhiwa ovaroli iliyomfika chini ya nyayo, akaikunja mara tatu na kuingia kazini. Wapo waliogoma kufundishwa na mpika chai. Waligoma siku nne.

Kutoka kwenye safari ile ya mkaa ndipo yalipozaliwa maswali yake matatu, ambayo kila aliyepita humu anaweza kuyasema akiwa usingizini. Gari likiletwa linatetemeka baada ya kuvishwa matairi mapya, yeye hashiki spana. Anamkalisha dereva kwenye benchi na kumuuliza: unatetemeka usukani au kiti? Linaanza mwendo gani? Na lilianza lini, siku ileile ya matairi au baada ya njia mbaya? Ukijibu usukani, anaelekea mbele. Ukijibu kiti, anaelekea nyuma. Ukijibu hujui, anakurudisha barabarani ukajue.

Kwa maswali hayo amewatoa watu kwenye mashaka mengi, mengine ya ajabu. Mwenye duara mmoja wa Bugarama, na duara ni shimo la dhahabu kwa wasiofahamu, alikuja na gari linalovuta kushoto kama limeona nyasi. Alikuwa na hakika mshindani wake ameliroga, na mganga alikuwa ameshalizunguka mara saba na kuchukua chake. Mama Eliya alichuchumaa mbele ya gari, akasoma, akamwita mwenye mali naye asome. Tairi la kulia lilikuwa na upana wa 265 na la kushoto 245. Alimwambia kwa upole kwamba uchawi wenyewe umeandikwa ubavuni, na waliouandika ni waliouza. Yule bwana akauliza kama mganga anaweza kurudisha kitu chochote. Mama Eliya alimjibu kuwa hilo si suala la magurudumu.

Sasa tuje kwenye kuosha. Mtu wa Dodoma au Dar huenda asielewe, lakini sisi wa huku tunaujua udongo wetu. Masika, tope linaingia mgongoni mwa rimu, linajikusanya, jua likiwaka linakauka na kuwa tofali. Ukiliweka gurudumu hilo kwenye mashine ya balansi, ile ya kulinganisha uzito wa gurudumu pande zote, mashine inapima na tope lake. Inakuambia bandika risasi hapa, yaani kipande cha kuongeza uzito, unabandika, inakuonyesha sifuri, unajiona fundi. Kumbe umelinganisha tope. Gari likipiga shimo la kwanza, tofali linadondoka, risasi inabaki, na mtetemo unaanza upya. Ndiyo maana Mama Eliya hakupandisha gurudumu lolote kwenye mashine kabla hajalisugua kwa brashi na sabuni, mbele na nyuma. Sisi tulimcheka. Tulisema Mama anaosha vyombo. Anayeandika hapa ndiye aliyecheka kuliko wote.

Februari 2011 Mama Eliya alikuwa likizo Geita, mkwewe amejifungua. Kwa wiki hizo magurudumu yalikuwa chini yangu. Likaja gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya huko Ushetu, jina la kituo nalihifadhi. Dereva wake alikuwa Valerian Maige, mtu mpole ambaye hata kupiga honi anaona aibu. Nikamfungia matairi mapya manne, nikapandisha kwenye mashine, ikasema sifuri. Siku tatu baadaye akarudi. Gari linatetemeka usukani, alisema, na kwenye changarawe linarukaruka kama mbuzi. Nikapandisha tena, nikaongeza risasi, sifuri. Akarudi mara ya pili. Nilikuwa na foleni ya magari, njaa, na kiburi cha mwaka wa pili kazini. Mashine inasema hivi na dereva anasema vile, nikaiamini mashine. Kwenye kadi ya kazi nikaandika kwa wino: Gari zima. Tatizo ni dereva.

Maneno matano tu, nikaenda kula.

Mama Eliya aliporudi Jumatatu, alimkuta Valerian amekaa kwenye lile benchi. Hakuja kutengeneza gari, alikuja kumuaga. Wagonjwa walikuwa wamelalamika kwamba anaendesha ovyo, mama mjamzito mmoja akasema dereva huenda amelewa, na yeye pombe haijui. Alipojitetea kwamba gari ndilo bovu, uongozi ulichukua kadi yetu ukasoma. Jumatano kamati ingeketi kumwachisha kazi, na ushahidi uliokuwa mezani ulikuwa mwandiko wangu. Miaka kumi na miwili ya kazi, watoto watano, basi.

Mama Eliya aliketi kando yake. Aliuliza maswali yake matatu, akaomba funguo, akalipandisha gari jeki. Mimi nilikuwa upande wa pili, na naona aibu kuandika kwamba nilipomwona na ndoo nilisema kwa sauti kuwa vyombo vimerudi kuoshwa. Akasugua rimu ya kwanza, kitu kikadondoka sakafuni kwa kishindo. Bonge la udongo, ukubwa wa andazi, lililobaki baada ya mengine kudondoka njiani. Akaliokota akaja kuliweka juu ya kadi zangu. Halafu akapima upepo. Ninapolivisha tairi jipya huwa najaza upepo mwingi ili likae vizuri kwenye rimu, kisha napunguza. Magurudumu yote manne yalisoma hamsini, juu sana kuliko gari lile linavyotaka. Sikuwa nimepunguza hata moja. Kumbe ndiyo maana lilikuwa linarukaruka kwenye changarawe. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke.

Alipomaliza walikwenda na Valerian mpaka Segese na kurudi, kwa mwendo uleule uliomtesa. Walirudi Valerian akiendesha kwa mkono mmoja na kujifuta macho kwa mwingine. Kisha Mama Eliya alinipa kadi mpya na kalamu, na akasema neno moja ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo: kalamu iliyoandika ndiyo itakayofuta.

Nilimwomba aende yeye mbele ya kamati. Nilimweleza kwamba nina mtoto wa miezi minne, na Mzee Liaquat alikuwa akitimua watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Mama Eliya alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kuwa ni kweli nina mtoto, na akanikumbusha kwamba Valerian anao watano. Jumatano saa tatu asubuhi tulikuwa Ushetu.

Tuliingia kwenye kikao. Mama Eliya alifungua khanga, akaweka lile bonge mezani juu ya karatasi za kamati, akakaa. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyeandika kadi ya kwanza. Ningeweza kunyamaza, maana sahihi yangu haisomeki hata na mimi mwenyewe. Nilimtazama Mama Eliya. Alikuwa anaangalia dirishani, kana kwamba hana habari kabisa. Nikasimama, nikasema kosa ni letu. Kisha nikasahihisha: kosa ni langu. Nikasoma kadi mpya yote, tope, upepo na jina langu. Nilipomaliza mwenyekiti aliligeuza lile bonge mkononi kwa muda mrefu, halafu akamwomba Valerian radhi mbele ya wajumbe wote. Valerian alitoka kikaoni na funguo za gari lake.

Njiani kurudi nilingoja Mama Eliya aniseme. Akanunua viazi vitamu.

Mzee Liaquat, Mungu amrehemu, hakunitimua. Alinipa adhabu ya miezi mitatu ya kuosha rimu chini ya mwalimu, na mwalimu mnamjua. Nilisugua. Vidole vilichubuka, na wenzangu hawakuninyima utani hata siku moja. Lakini niseme wazi: ufundi wangu ulianza pale kwenye ndoo, haukuanza nilipoajiriwa. Mwaka huohuo karakana ilichapisha kadi mpya zenye maswali matatu ya Mama Eliya juu, na ikapigwa marufuku mtu yeyote kuandika kwamba tatizo ni dereva kabla fundi hajakaa kiti cha dereva huyo. Marufuku hiyo ipo mpaka leo.

Mengine mnayajua. Mwaka 2014 akawa mkuu wa idara ya magurudumu, nafasi aliyoishika hadi leo. Amefundisha mafundi kumi na tisa, na sita kati yao wana gereji zao, kuanzia Masumbwe hadi Geita mjini. Ukipita kwenye gereji hizo angalia kama pana ndoo na brashi karibu na mashine. Ikiwapo, huyo ni mtoto wa Mama Eliya, msalimie. Magari ya shule, ya wagonjwa na ya wachimbaji yanapita mbele ya geti letu kila siku yametulia, na waliomo ndani hawajui kwa nini. Sisi tunajua, na tunajivuna. Leo ni ruhusa kujivuna.

Lile bonge la udongo lipo. Limekaa kwenye chupa ya kioo juu ya mashine ya balansi, na kila fundi mpya huulizwa siku ya kwanza linafanya nini pale. Mama Eliya ameomba lisimfuate nyumbani. Anasema lina kazi, lisistaafishwe.

Mama Eliya, wabeja sana. Asante kwa maswali matatu, kwa brashi, na kwa kuangalia dirishani siku ile badala ya kunisemea. Eliya na ndugu zake tunawarudishia mama yao akiwa na afya tele, na mikono ambayo haitakubali kupumzika, mtaona wenyewe. Shamba lako la Ushetu likuzalie, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa kiti cha mbele ukiendeshwa na wengine.

Jioni hii utapelekwa kwa gari mpaka nyumbani kwako shambani, Ushetu. Dereva ameomba kazi hiyo mwenyewe tangu Aprili, na ameweka mtu wa kumshikia zamu kule kituoni, maana bado ndiye dereva wa gari la wagonjwa. Ni Valerian. Rimu zote nne zimeoshwa ndani na nje, upepo umepimwa, nati zimekazwa. Nimeziosha mimi, leo alfajiri, kabla hamjafika. Nenda kwa amani, Mama. Na likitetemeka hata kidogo kati ya hapa na Ushetu, usimuulize dereva. Lirudishe. Kosa litakuwa langu.