Mwisho Ambao Kibe Hakuuona

Benchi la Naliaka, muuza kahawa pale stejini Mutuini, lina miguu mitatu na jiwe moja, na anayekaa upande wa jiwe hana ruhusa ya kucheka sana. Hapo ndipo sinema na riwaya za dunia nzima huhukumiwa kila Jumamosi asubuhi, birika la kahawa ya tangawizi likiwa jikoni. Upande wa jiwe hukaa Balbir mwenye hardware, aitwaye Intavali, kwa kuwa utotoni aliuza karanga wakati wa mapumziko katika jumba la sinema la mjini ambalo leo ni kanisa. Katikati hukaa Ogutu wa bodaboda, aitwaye Chapta, msomaji wa riwaya nene za majasusi. Na mwisho wa benchi hukaa mzee Kibe, aitwaye Stering, yaani shujaa wa picha, kwa sababu hakuna picha asiyoweza kuisimulia mpaka mwisho. Jumamosi hii kahawa ya Kibe ilikuwa imepoa mkononi.

— Hii nimeitoa tao jana, Chapta akasema akipunga kitabu. Zile za kutandazwa chini huko mjini. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nikainama. Nikasoma peji ya mwisho. Stering ameoa. Nikalipa.

— Unaanza na mwisho? Balbir akashangaa. Sasa utamu uko wapi?

— Na nikipata amezikwa, si nitakuwa nimesumbuka bure? Stering hafi. Ama niaje, guka? akamgeukia mzee Kibe.

— Mimi nimekwisha, Kibe akajibu.

Naliaka akaacha kusuuza vikombe.

— Guka, umeamka mgonjwa?

— Afadhali ningekuwa mgonjwa. Kuna picha mke wangu, Mama Mungai, ameanza kuangalia leo alfajiri. Mjukuu wetu Shiku ameitafuta huko kwa mitandao, akamwekea kwa simu. Yote. Mpaka mwisho.

— Si poa hiyo? Chapta akauliza.

— Sio poa. Huo mwisho niliutunga mimi.

Basi mzee wa watu akafungua moyo, maana siri ikikaa sana huoza. Ujanani alimpeleka Waceke, ambaye leo ndiye Mama Mungai, mjini kutazama picha ya Kihindi. Hawakuelewa neno hata moja, lakini machozi hayahitaji mkalimani. Kijana wa kwenye picha akamwacha msichana wake kisimani, akapanda gari moshi kwenda kutafuta kazi, na papo hapo taa za mapumziko zikawaka. Saa tatu kasorobo. Basi la mwisho la Mutuini lilikuwa linaondoka saa tatu. Wakatoka mbio. Wiki nzima Waceke akawa anauliza kama yule kijana alirudi, na Kibe akamwambia ameuliza watu wa mjini: alirudi baada ya mwaka mmoja, akamletea msichana shali nyekundu, wakaoana. Hakuwa ameuliza mtu.

— Haya, uongo mdogo, Balbir akasema. Kila mtu alikuwa anatoka saa ya basi. Mimi nilikuwa nawauzia karanga, nabaki na viti.

— Ngoja kwanza. Kulikuwa na mwalimu wa Kinoo, ashaleta wazee kwao Waceke kuposa. Mimi sina kitu, naenda Thika kutafuta kazi. Nikamwambia, ningoje kama yule msichana alivyongoja. Akangoja. Mwaka na miezi miwili.

— Na shali? Naliaka akauliza.

— Nilimletea. Nyekundu. Ningerudi aje na rangi ingine?

Balbir akakiweka kikombe chake chini.

— Kibe, ile picha ilikaa wiki sita. Niliiona kila siku.

— Sema.

— Hakurudi. Alioa binti ya tajiri huko mjini.

— Na msichana?

— Msichana aliolewa. Na mwalimu.

— Aki nani! Chapta akaruka, kitabu kikaanguka.

Kibe alifunga macho. Mwalimu yule wa Kinoo aliishia kujenga ploti tatu za mawe za kupangisha kando ya barabara, na Kibe hakuwahi kupita hapo bila kuinamisha kichwa. Hofu yake haikuwa ya kuitwa mwongo. Hofu yake ilikuwa kwamba Waceke angemaliza picha, aweke simu mezani, kisha aanze kuyahesabu maisha aliyoyakosa.

— Tusipanike, Chapta akasema. Mficha uchi hazai. Kwa hivyo ficha hiyo simu.

— Iko kwa mkono yake.

— Basi mwambie hiyo ni AI. Siku hizi hata picha za zamani zinachezewa. Kompyuta imemtoa stering, ikaweka mwalimu.

— Zii, Balbir akasema. Mwambie kulikuwa na mwisho mbili. Ya huko Bombay, wanalia. Ya Nairobi, anarudi.

— Ama wale madijei wa kutafsiri muvi! Tunamlipa mmoja aitafsiri kwa Kikuyu. Aseme yule mwalimu ndiye stering mwenyewe, amerudi, amevaa miwani wakora wasimjue!

— Na yule wa binti ya tajiri? Balbir akauliza.

— Pacha wake.

— Wazazi wao walipotezana nao kwa mafuriko, Balbir akaongeza, sasa akiamini. Hiyo hata mimi ningelipa kuona.

Naliaka alikuwa akimimina kahawa ya mwisho ndani ya kikombe cha Kibe, kukipasha moto.

— Guka, kitu moja. Kwani usingemdanganya, angekukataa?

Chapta akaokota kitabu chake. Balbir akapangusa goti. Swali hilo ndilo alilokuwa amelikimbia Kibe tangu Thika.

Na hapo Waceke akatokea upande wa duka la mboga, anakuja polepole, simu mkononi na shali mabegani, mpya, ya kijani, kwa kuwa ile nyekundu iliisha zamani kwa kubebea watoto.

— Shikamoo shosho, Naliaka akasema haraka.

— Marahaba. Nimeimaliza, Baba Mungai.

Kibe akasimama, benchi likayumba, Balbir akashika jiwe.

— Hakurudi, Waceke akasema.

— Mama Mungai, mimi...

— Nilijua.

— Ulijua lini?

— Wiki ile ile. Mwalimu wa Kinoo naye alienda kuiona. Alikuwa na pikipiki, hakuwa na haraka ya basi. Alikaa mpaka mwisho. Akaja kwetu kunieleza yote, anacheka, haswa hapo pa mwalimu.

— Na bado ukaningoja?

— Leo nilitaka tu kuona kama alisema ukweli. Alisema. Waceke akaketi mahali pa Kibe, akavuta pumzi. Mwalimu aliniletea mwisho vile aliupata. Wewe ulikosa usingizi ukinitafutia mzuri. Nikajiuliza, kati ya hawa wawili, nani nitazeeka na yeye?

Machozi yalimtoka Kibe mbele ya watu, na hakuyapangusa.

— Naliaka, niwekee kahawa, Waceke akasema.

— Imeisha, shosho.

Kibe akampa kikombe chake kwa mikono miwili. Waceke akanywa nusu, akamrudishia nusu.

— Sasa nieleze tena, akasema. Anashuka kwa gari moshi, ameshika shali. Halafu?