Bwana Alinitoa kwa Sponsa Niliyemwita Mama

Bwana asifiwe hapa Peckham, na asifiwe pia na wale ambao leo wako shifti hawakuweza kuja!

Mnanijua. Mimi ni Rehema wa kwaya, yule anayechekacheka hata wimbo ukiwa wa huzuni. Leo mnivumilie, maana ninayoyaleta ni machungu.

Ndugu zangu, nilikuja nchi hii ya Waingereza na kidato cha nne na kozi fupi ya kutunza wagonjwa, basi. Sponsa wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini viza, alikuwa dada wa kwetu Nakuru, mwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Hounslow. Alinipokea uwanja wa ndege na koti zito na chai ya maziwa kwenye thamosi. Akaniambia, "Hapa mimi ndiye mama yako." Nikamwita Mama. Wasichana wote tulimwita Mama. Kila asubuhi alitushikisha mikono tukaomba, ndipo tukaenda kuwaosha wazee.

Nilikuwa na ndoto mimi! Miaka ya viza ikitimia, naye akithibitisha kwamba bado ananihitaji, ningeomba makazi ya kudumu. Nikiyapata, sifungwi tena kwa mwajiri mmoja. Nafungua duka la keki Kilburn. Keki zenyewe nilishazipa majina!

Lakini mama humwulizi saa za kazi. Nikiomba ofu, hata siku moja ya kupumzika, alisema, "Rehema, makaratasi unayataka au huyataki?" Nikitaja kuhamia kwingine, alicheka. "Nenda! Ukitoka kwangu unaanza kuhesabu miaka upya." Sote tuliamini. Utamshuku vipi mtu ambaye mmetoka kusema naye Amina?

Ndipo baba yangu akafa.

Niliomba likizo nikamzike. Mama akanikumbatia, akalia machozi kabisa, kisha akasema hana mtu wa kushika nafasi yangu. Ndugu zangu, baba yangu nilimzika kwenye simu! Niliiegemeza kwenye jagi la maji huku namlisha mzee mmoja uji wake. Walipoanza kuteremsha jeneza, mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wanakung'uta udongo viatuni. Yule mzee, Mwingereza asiyeweza hata kutamka jina langu, akanishika mkono asiuachie.

Kesho yake Mama akatukusanya, akaniombea maombi marefu. Alipomaliza akasema, "Haya, umeshalia. Juu kuna wazee wanangoja kubadilishwa nepi."

Sikusogea.

"We mtoto, mimi si mama yako?"

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama yangu yuko Nakuru, amefiwa na mume. Wewe ni bosi wangu."

Wasichana wakainamisha vichwa. Ndugu zangu, ujasiri ule haukuwa wangu! Mimi hata msusi akinivuta nywele nanyamaza. Ni Bwana alinena!

Nikaenda kwa wakili anayesaidia watu bure, pale nyuma ya stesheni yetu hapa. Nikamwambia niko tayari kuhama hata kama naanza upya. Akaniuliza, "Nani alikuambia utaanza upya?" Akanieleza kwamba nikipata mwajiri mwingine mwenye kibali cha kudhamini, na viza ikabadilishwa kwa utaratibu, miaka yangu ya kwanza inaunganishwa na inayofuata. Haipotei! Nililia pale kuliko nilivyolia msibani. Maana mlango ulikuwa wazi muda wote, na mimi nimekaa ndani namwogopa binadamu.

Bwana akanipa kazi kwenye nyumba ya wazee huko Kilburn, wakanidhamini, miaka ikatimia, na wiki hii makazi ya kudumu yametoka. Haleluya! Nilirukaruka jikoni, nikashika simu nimpigie baba. Vidole vikasimama.

Yule dada bado sijamsamehe. Siwadanganyi mbele ya madhabahu. Niombeeni. Lakini Mungu wangu namshukuru, maana alinitoa ningali na pumzi ya kucheka.

Na wewe uliyekaa hapo, unayetetemeka sponsa wako akipiga simu, mtumaini Bwana, kisha inuka ukaulize. Usiende peke yako. Jumanne niko ofu. Nitakungoja stesheni, tuingie kwa wakili pamoja.