Seva Tatu Tiifu

Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto na benchi la nje ya banda la kinyozi limejaa, lakini Mapacha hakunywa. Jina hilo alipewa hapohapo kijiweni, kwa kujisifia mashine zake. Kiwanda cha sare za shule alikofanya kazi kilikuwa na seva tatu; moja ikiandikiwa kitu, mbili zinanakili. Sasa leo, akisafisha vipimo vya zamani, alifuta vya wanafunzi wote. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na bosi alikuwa bado hajajua. Alitoka nje kuvuta pumzi.

— Si zipo zile nyingine? — aliuliza Kinyozi.

— Ya pili nimeiangalia, nyeupe, haina kitu. Zinafuata kila kitu.

— Hata upuuzi?

— Hasa upuuzi.

Waziri, ambaye hajawahi kushika wadhifa wowote zaidi ya maoni, alikohoa.

— Bandu bandu huisha gogo.

— Bandu gani, Waziri? Gogo lote limekwenda kwa mpigo!

— Nakala ya pembeni huna? — Kinyozi tena.

— Ya nini, na seva zilikuwa tatu?

Alijiona mjinga kabla hajamaliza kusema.

— Hizo zimekula njama — alisema Waziri. — Zimechoka, zimegoma. Dawa ni moja: shoneni zote saizi kubwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Atakua, itamtosha!

Benchi zima liliangua kicheko, Mapacha naye kidogo.

Mara akafika mke wa Kinyozi, amefuata ufunguo wa nyumba.

— Shemeji, mbona umepauka hivyo?

Walimweleza wote kwa pamoja. Alisikiliza, akauliza:

— Na ya tatu, imeshapata habari?

Mapacha aligeuka ghafla kumtazama.

Ya tatu ilikuwa kwenye tawi la kiwanda, penye laini mbovu ya mtandao. Kila siku ilichelewa kunakili, na kila siku Mapacha aliitukana. Alichomoa simu mfukoni, akampigia mama wa stoo wa huko tawini.

— Mama, chomoa waya wa mtandao kwenye seva! Usiulize, chomoa!

— Haya, nimechomoa. Kulikoni?

— Fungua vipimo. Unaona nini?

Kijiwe kizima kiliinamia simu.

— Naona watoto — sauti ilisema. — Wengi tu. Majina, viuno, mabega. Nikusomee?

Mapacha alijifuta machozi waziwazi, wala hakuona haya.

— Nisomee, mama. Soma taratibu.