Mwalimu Anastasie na Mwanafunzi Wake wa Mwisho

Mwalimu Anastasie Sifa alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Machi 1949, kitinda mimba wa mvuvi asiyejua kuandika hata jina lake. Alisoma kwa masista Kasongo, akapata diploma ya ualimu mwaka 1969, na hadi 2012 alifundisha darasa la kwanza Kabambare. Alikuwa mkali, ila mfukoni hakukosa karanga za kumbembeleza aliyelia.

Tarehe 7 Agosti 1971 aliolewa na mkulima Antoine, aliyetangulia mwaka 2009. Walijaliwa Blaise na Emmanuella. Alipostaafu alihamia Kasongo, uani kwa Emmanuella na mumewe Clovis, dereva wa pikipiki. Katika ukoo wao mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe mpaka alete kuku wa kuondoa haya. Clovis alikuwa akiahirisha kuku huyo miaka nenda rudi, akimsalimu mkwewe kutoka nyuma ya ukuta.

Tarehe 3 Februari 2021 kiharusi kilimwangusha marehemu jikoni, upande wa kuume ukafa ganzi. Emmanuella, mwenye mimba ya miezi minane, hakuweza kumwinua. Clovis alisimama mlangoni, mikono mgongoni.

“Clovis, unasimama kama muti? Lete kuku, haya ikwishe!”

“Mama, kuku iko ku soko, na weye uko chini.”

“Basi unibebe kwanza. Kuku itakuja nyuma.”

Kuku alikuja jioni ile ile. Lakini kubebwa kila siku kulimuuma aliyezoea kutoa, akaanza kukataa chakula. Tuliogopa sana. Ndipo asubuhi moja akamwona Clovis ameshika karatasi ya dawa juu chini, akijifanya anaisoma.

“Haya yangu umeiona yote,” akamwambia. “Lete yako.”

Siku hiyo alimaliza sahani. Tangu hapo, kila alipokwisha kubebwa hadi kitini, alidai kibao na chaki, akaandika herufi kwa mkono wa kushoto. Mkwe aliyekosea alirudia mpaka uji ukapoa, na mwalimu akaunywa hivyo hivyo baridi.

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, asubuhi. Clovis alikuwa akimsomea Zaburi. Mwalimu alimsahihisha neno moja, akafumba macho.

Ameacha watoto wawili, mkwe, na wajukuu watano, mdogo wao Sarah-Grâce.

Haya yameandikwa na Emmanuella. Marehemu aliagiza yasomwe na Clovis, bila wa kumsaidia, na mstari wa mwisho ndio huu: Mama, lala kwa amani, mwanafunzi wako amemaliza.